Nalinganishaje CSR (wajibu wa kampuni kwa jamii) ya benki na ya kiwanda cha saruji?

Chemchemi: Wadau, nina ripoti za kampuni 24 za Soko la Hisa la Nairobi: benki, saruji, chai, bima. Nimechukua pesa za misaada kama asilimia ya faida, na kila mara benki zinaongoza. Kipimo hiki kinatosha?

Mkaguzi_UpperHill: Hakitoshi. Kampuni ikitoa milioni 10 kwa faida ya milioni 500, hiyo ni 2%. Faida ikishuka hadi milioni 100, milioni 10 zilezile zinakuwa 10%, na hakuna mwanafunzi aliyeongezewa karo hata shilingi. Ikiingia hasara, hesabu haina maana tena. Halafu basari haisemi lolote kuhusu vumbi la tanuri.

Tenganisha sekta kwanza. Viwango vya SASB (vya kuripoti uendelevu kwa wawekezaji) vina sekta 77, kila moja na viashiria vyake. Kwa saruji angalia kilo za kaboni kwa kila tani ya saruji. Zaidi ya nusu hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yakichomwa, kwa hiyo kubadilisha kuni au makaa pekee hakuponyi. Benki ofisini inachoma umeme kidogo tu. Moshi wake uko kwa inaowakopesha.

Kisha, ndani ya sekta, chukua alama ya kampuni, ondoa wastani wa sekta, kisha gawa kwa mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika). Sekta ikiwa na kampuni tatu usijisumbue, tumia nafasi: wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Takwimu_Ruaka: Chunga kizio cha majeraha. Wengine huhesabu kwa kila saa 200,000 za kazi, wengine kwa kila saa milioni moja. Majeraha 4 katika saa 1,600,000 ni 0.5 kwa kizio cha kwanza, 2.5 kwa cha pili. Kiwanda kilekile! Kwa chai, hakikisha vibarua wa msimu wamo kwenye saa hizo. Mara nyingi wanaoumia ndio wasiohesabiwa. Na pengo si sifuri. Ukijaza 0 panapokosekana takwimu, aliyenyamaza anaibuka bingwa wa usalama.

Chemchemi: Basi nifute safu ya misaada?

Mkaguzi_UpperHill: Iache, ila isimame peke yake: wastani wa miaka mitatu, ugawe kwa mapato badala ya faida. Na ripoti uzisome kuanzia nyuma. Mwongozo wa NSE (Soko la Hisa la Nairobi) wa 2021 umejengwa juu ya GRI, viwango vya kimataifa vya kuripoti uendelevu, kwa hiyo tafuta faharasa ya GRI kurasa za mwisho, uone kiashiria gani kimerukwa na sababu iliyoandikwa.