Naomba ushauri: pampu ya foklifti inaishiwa nguvu mafuta yakipata moto

Habari zenu mafundi. Kuna foklifti ya tani 3 hapa Shimanzi, pampu yake ya haidroliki (inayosukuma mafuta ya kunyanyulia mzigo) ni ya gia. Asubuhi inanyanyua tani 2 bila shida. Ikifika saa sita mchana, mafuta yamepata moto, mzigo uleule unapanda kwa kujikokota. Ukiachwa juu haushuki, kwa hiyo sili za silinda sizishuku.

Nimebadilisha filta, nimesafisha chujio la ndani ya tangi, nimekaza klempu za hozi ya kunyonya. Mafuta hayana povu wala pampu hailii, basi si hewa. Mlingoti ukifika mwisho, geji inasoma baa 180 mafuta yakiwa baridi, 130 yakiwa moto. Ukigusa bodi ya pampu, inaunguza kuliko tangi lenyewe.

Sina kipima mtiririko. Nitatofautishaje pampu iliyolika ndani na valvu ya usalama inayovujisha mafuta kurudi tangini? Na je, kwa joto letu hili la Mombasa, nikitoka mafuta namba 46 niweke 68, ambayo ni mazito zaidi, nitasaidia, au nitaficha ugonjwa tu? Pampu mpya ni ghali, sitaki kununua kwa kubahatisha.