Mshono wa laina ya bwawa umefumuka na fundi ataka nimwage maji yote. Nisaidieni

BiMwana_Nyali:
Salaam aleikum ndugu zangu. Nina nyumba ndogo ya wageni huku Nyali, karibu na bahari, na bwawa la kuogelea la mita 8 kwa 4. Si la vigae, limevishwa laina ya plastiki ya buluu ambayo sasa ina miaka 9. Tangu mwezi jana maji yashuka. Nimetia alama pembeni, nikaona ni sentimita 4 kwa siku. Pembeni mwa ngazi, pale ukuta unapokutana na sakafu, nikipapasa nahisi mshono umeachana. Lakini nje ardhi ni kavu kabisa, hakuna hata unyevu. Maji yaenda wapi?

Fundi aliyekuja juzi asema nimwage yote ili agundishe pakiwa pakavu. Mimi maji nanunua ya boza, na wageni wa Pasaka washalipa. Halafu kila Jumamosi nawafundisha kuogelea watoto wa mtaani hapa. Watoto wa pwani wasiojua kuogelea ni jambo linaloniuma sana, sitaki kuwakatiza.

MlaNazi:
Pole Bi Mwana. Bwawa lako lina mita za mraba 32, kwa hiyo kila sentimita inayoshuka ni lita 320. Sentimita 4 ni lita 1,280 kwa siku. Wiki moja, karibu boza zima la lita 10,000 limekwenda.

Kuhusu ardhi kavu, usishangae. Nyali tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, nao una vitundu chungu nzima. Maji hayana haja ya kupanda juu yakuonyeshe njia, huzama moja kwa moja.

FundiBamburi:
Dada, usimwage. Kazi hii nimeifanya miaka mingi na mabwawa mengi ya laina niliyoona yameharibika, yaliharibikia hapo.

Laina hushikiliwa na uzito wa maji. Ukiyatoa, ikapigwa na jua hili la kaskazi, plastiki hunywea. Siku ya kujaza inavutwa kwa nguvu, na mshono uliokuwa mzima nao waachia. Zaidi ya hayo uko karibu na bahari. Maji ya chini ya ardhi hapo hupanda na kushuka na bahari inavyojaa na kupwa, na siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, hupanda zaidi. Bwawa likiwa tupu hakuna cha kuyakandamiza, yataisukuma laina kutoka chini mpaka ivimbe. Na masika ndiyo hayo yaja.

Kwanza hakikisha kama ni mshono kweli. Jaza ndoo maji ya bwawa, iweke kwenye ngazi ya juu, itie jiwe isielee. Weka alama ya maji ndani ya ndoo na nyingine nje, usawa wa bwawa. Zima pampu, mtu asiogelee, kaangalie baada ya saa 24. Ndoo itakuonyesha kilichochukuliwa na jua na upepo. Kinachozidi hapo ndicho kinachovuja. Kesho yake rudia pampu ikiwa inafanya kazi. Ikishuka zaidi pampu ikiwaka, shuku mabomba ya kurudisha maji.

Kisauni_Halisi:
Mimi ningepaka silikoni ya madirisha, mambo yaishe.

FundiBamburi:
Hapana kaka. Silikoni haishiki vizuri kwenye plastiki ya laina, na ikishapakwa hata gundi yenyewe haitashika tena pale. Epoksi nayo hukauka ngumu, na laina hucheza, kwa hiyo hupasuka. Kwa wema kabisa nakwambia, usimshauri mtu hivyo.

MwanaMtwapa:
Kuna laina nene za milimita 1.5 zenye nyuzi ndani. Hizo huchomelewa kwa hewa moto. Bi Mwana, yako ni ipi?

BiMwana_Nyali:
Yangu ni nyembamba, ukiikunja yakunjika kama kitambaa cha meza. Nyuzi hazimo.

Nimefanya ya ndoo. Siku ya kwanza, pampu imezimwa: ndoo milimita 6, bwawa milimita 38. Siku ya pili, pampu inafanya kazi: ndoo 6, bwawa 39.

MlaNazi:
Basi mabomba ya kurudisha maji yaonekana salama. Milimita 32 au 33 zinazozidi ni kama lita 1,000 kwa siku, na yaelekea zapita kwenye laina.

MwanaMtwapa:
Kwa laina nyembamba sahau kuchomelea, ni kiraka tu. Ila thibitisha penyewe kwanza. Chukua rangi ya chakula, ile nyekundu ya mabuyu, itie kwenye bomba la sindano lisilo na sindano. Pampu ikiwa imezimwa na maji yametulia, vaa miwani, shuka taratibu, dondosha rangi karibu na mshono bila kuisukuma. Penye uvujaji rangi huvutwa ndani kama moshi. Pitisha mshono wote, usiridhike na tundu la kwanza.

BiMwana_Nyali:
Subhanallah, nimeiona kwa macho yangu! Pamefumuka kama sentimita 15, rangi yote yaingia pale. Kwingine imetulia.

Kuna jambo sikuwaeleza. Mwezi wa kwanza fundi huyohuyo alilimwaga bwawa kulisafisha, likakaa siku tatu tupu juani.

FundiBamburi:
Hapo ndipo ulipoanzia ugonjwa. Lakini tutibu.

Nunua kipande cha plastiki ya laina na gundi maalumu ya laina inayoshika chini ya maji. Kata kiraka kipite ufa kwa sentimita 5 kila upande, kona zake zizungushe, kona kali huinuka. Sugua utelezi kwa brashi laini mpaka utoke wote. Paka gundi juu ya nchi kavu, kunja kiraka gundi kwa gundi, shuka nacho, kikunjue palepale. Anzia katikati ukisukuma maji yatoke pembeni. Kwa kuwa pako kwenye pembe, kibonyeze kiingie kabisa mle kwenye kona. Kikikaa kama daraja, mguu wa mtoto mmoja utakitoboa. Weka mfuko wa mchanga juu yake, uufunge vizuri, uache saa 24.

Kabla ya kubandika, kanyaga sakafu ya pale. Ni ngumu au yabonyea?

BiMwana_Nyali:
Yabonyea kidogo, kama upana wa sahani.

FundiBamburi:
Mchanga wa chini umechukuliwa na maji. Kiraka kitazuia maji, ila shimo litabaki. Watoto wasikanyage pale. Na laina ya miaka 9 iliyokwisha kunywea mara moja, anza kuiwekea akiba ya kubadilisha.

BiMwana_Nyali:
Ndugu zangu, leo siku ya nne tangu nibandike. Asubuhi ndoo imeshuka milimita 6, na bwawa milimita 6. Nimesimama pale pembeni nikalia.

Pale panapobonyea nimezungushia kamba yenye maboya. Laina mpya nataka kuiweka masika yakishakwisha, kabla ya wageni wa Disemba. FundiBamburi, kwa maoni yako ufaao ni mwezi gani?

FundiBamburi:
Septemba, dada. Tutatazama kalenda ya bahari kujaa na kupwa, tusiifungue laina siku za bamvua. Vipimo vya kina chukua sasa bwawa likiwa limejaa, kila mita moja, unitumie.