Naomba ushauri: nafundisha nje ya nchi, akiba haikai
Habari zenu wakuu. Mkataba wangu wa kufundisha ugenini ni wa miaka 2, umebaki mmoja. Nyumba analipia mwajiri, nikadhani kuweka akiba kutakuwa rahisi. Wapi! Natuma pesa nyumbani kidogo kidogo, mara 4 au 5 kwa mwezi, na kila mara ada inakatwa, halafu kiwango cha kubadilisha fedha nacho kinamega. Juzi usiku nilijumlisha stakabadhi zote nyuma ya daftari la maandalio ya somo. Roho iliniuma sana. Isitoshe, huku sikatwi pensheni, na michango yangu ya nyumbani imesimama.

Nitume mara moja tu kwa mwezi? Akiba niiweke kwa fedha ya huku au ya nyumbani? Na kiinua mgongo, mliotangulia mlianza kukifuatilia lini?