Majirani Makorora: mbu wa mchana

Mama Zuhura: Hamjambo majirani. Mbu wa kaskazi hii wamenishinda. Zuhura kakaa barazani saa nne asubuhi anafanya hesabu zake, miguu yote vipele. Chandarua tunacho, kipya, na dawa yake. Sasa cha saa nne asubuhi nikitundike wapi?

Baba Rama: Mfunike nacho hivyohivyo aandikie ndani 😂😂

Bi Mwanaidi: Choma kivumbasha mwanangu, weka kwenye chetezo asubuhi na magharibi.

Mama Zuhura: Shikamoo bibi. Nimechoma. Moshi umetutoa sisi nje, mbu kabaki ndani.

Nesi Salma: Huyo mbu ana madoa meupe miguuni?

Mama Zuhura: Haswa! Mweusi, madoadoa, na mjanja. Ukimpiga keshahamia kisigino.

Nesi Salma: Basi huyo ni aedesi, mbu wa homa ya dengi. Mnakumbuka 2019, Dar na hapa kwetu Tanga? Wa malaria anauma usiku, ndiyo kazi ya chandarua. Huyu anauma mchana, hasa asubuhi na jua likikaribia kuzama. Na hatoki mbali, mara nyingi kazaliwa uani kwako au kwa jirani.

Baba Rama: Uani kwangu pakavu, mvua mara ya mwisho vuli.

Nesi Salma: Kaka, hangoji mvua. Anataka maji yaliyotulia, hata masafi. Pipa la akiba, kifuu, sahani ya chungu cha maua.

Mama Zuhura: Ngoja nikamulike pipa.

Mama Zuhura: 📷 Picha

Mama Zuhura: Wallahi! Vimening'inia kichwa chini, nikigonga pipa vyote vinazama vikijinyonganyonga. Na maji haya ndiyo tunaogea!

Nesi Salma: Ndio viluwiluwi hao. Kwa joto hili, tangu yai mpaka mbu ni wiki moja hadi siku kumi. Mwaga, kisha sugua kuta za pipa kwa brashi. Usiponyanyua mkono ukasugua umefanya kazi bure, maana mayai yananata pale juu ya maji, yanakaa makavu hata miezi, ukijaza tena yanaanguliwa.

Mama Zuhura: Nimwage, na bomba litatoka Jumamosi?

Bi Mwanaidi: Usimwage. Chuja kwa kanga kuukuu, maji tia kwenye madumu. Hivyo vidudu kung'uta juu ya mchanga wa jua. Pipa likishasuguliwa rudisha maji, ufunge kitambaa mdomoni kwa mpira.

Nesi Salma: Bibi kamaliza 👏

Ustadhi: Na yale matairi pale kwa fundi pancha? Sijamtaja mtu.

Baba Rama: Umenitaja, ustadhi. Mazima nitayaingiza bandani, makuukuu nayatoboa.

Mzee Kombo: Na hawa wa usiku wanaolia sikioni? Kwangu wanatoka chooni magharibi, kundi zima.

Nesi Salma: Shikamoo mzee. Wanaozaliana chooni ni kyuleksi, wao hupenda maji machafu, na huku pwani ndio wanaoeneza matende na mabusha. Ziba nyufa za mfuniko wa karo, bomba la hewa lifunge wavu. Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 walimwaga chooni vipunje vya plastiki nyepesi vinavyoelea. Vikatanda juu ya maji, viluwiluwi vikakosa pa kupumulia.

Mama Kichanga: Dada Salma, wangu ana wiki tatu, nimpake losheni ya mbu?

Nesi Salma: Yenye DEET, ile dawa ya kufukuza mbu, hapana, mpaka apite miezi miwili. Mlaze ndani ya chandarua hata mchana, na feni kama umeme upo, mbu hawezi kushindana na upepo. Na jamani, mtu akishikwa na homa aende kupima. Asimeze aspirini wala diklofenaki kabla, kama ni dengi zinaweza kumtoa damu. Parasetamoli inatosha.

Baba Rama: Nani ana keekee anikopeshe nitoboe matairi?

Mzee Kombo: Ninayo. Nirudishie kwanza ngazi.