Shule yatutoza pesa za "kujifunza kwa mchezo", watoto wavishwa kilemba cha ukoka

Wanajamvi, salamu zenu. Nina hasira na nitaandika kwa hasira, msimamizi akiona nimezidi na afute.

Shule ya mwanangu, hapa hapa kisiwani Mombasa (jina silitaji, wenye watoto pale mwajijua), muhula huu imetuongezea ada ya "programu ya kujifunza kwa mchezo". Kwenye mkutano wa wazazi tukaonyeshwa slaidi za kung'aa: mtoto atasafiri, atagundua, atacheza mpaka asahau kuwa anasoma. Tukalipa. Tangu hapo huwa naketi naye jioni nikitazama ni kitu gani hasa tulichouziwa.

Ni maswali ya kuchagua jibu. Basi! Hisabati ya kuchagua, Sayansi ya kuchagua, Kiswahili cha kuchagua. A, B, C, D. Akipata, fataki zalipuka na sarafu ya dhahabu yaanguka kwa mlio. Akikosa, kikatuni chanuna, kisha arudishwa pale pale ajaribu tena. Mtoto wa Gredi 5 si mjinga. Swali halisomi tena, abonyeza A, B, C, D mbio mbio mpaka rangi ya kijani itokee, na sarafu apewa vile vile. Sarafu zikijaa, akinunulia kikatuni chake kofia. Juzi kaja mbio kunionyesha kofia ya haramia. Namuuliza, somo lilikuwa la nini?

"Sijui baba, lakini nimepata kofia."

Kilichonichoma zaidi ni vitendawili. Skrini imeandika "Nyumba yangu kubwa haina mlango", chini yake A. yai, B. kaburi, C. sanduku, D. gereza. Fataki, sarafu, twende mbele. Jamani! Kitendawili ndio mchezo wenyewe! Bibi zetu walikuwa nao umekamilika kabla hata ya umeme kufika mtaani. "Kitendawili!" "Tega!" Wengine wabahatisha, wakishindwa wadaiwa mji. Wampa Malindi, akataa. Wampa Lamu, akubali, na hapo ndipo maringo yaanzapo: kaenda Lamu, kapokewa kwa shangwe, kala biriani, kavishwa kanzu, nawe umekaa roho juu jibu hulipati mpaka amalize kujinaki. Kuna kushindana, kuna kushindwa kunakouma kidogo, kuna zawadi, kuna hadithi, na zamu yazunguka. Waliotengeneza programu hii wameyatoa yote hayo, wakabakisha jibu na herufi nne.

Na ingewezekana kabisa kuuweka kwenye tableti. Mtoto asikie sauti ya mtu akitega, aandike jibu lake mwenyewe bila kuonyeshwa machaguo. Akishindwa, aguse mji kwenye ramani ya pwani, asikilize kisa kifupi cha huko kabla ya kupewa jibu. Mwisho arekodi kitendawili chake amtegee mwenzake wa darasani. Sauti, maandishi, ramani, kurekodi, kila kimoja kina kazi yake mahali pake.

Haya, njoo Fort Jesus. Mtoto wa Mombasa, ngome anapita mbele yake akienda madrasa, aulizwa: "Ilianza kujengwa mwaka gani?" Jibu 1593, fataki. Yaani ngome iliyochorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, ambayo ukiitazama kwa juu ina umbo la mtu, imefanywa tarakimu moja! Weka picha ya juu, mtoto aguse kila buruji aambiwe kilichoko. Halafu mpeleke mwaka 1696, Waomani wamezingira, yeye yumo ndani: chakula chapungua, maradhi yaingia, meli ya msaada haionekani. Agawe chakula vipi? Atume mtu nje usiku? Kila uamuzi umfungulie njia nyingine, na njia nyingine zimfikishe pabaya. Mzingiro ule ulidumu mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu. Mtoto aliyekwisha kufa njaa mara mbili humo ndani kwenye skrini hataisahau miaka hiyo, wala hatahitaji kofia ya haramia.

Sasa najua kuna mtu atakuja hapa chini kusema vitu hivyo ni ghali, vya shule za Ulaya. La! Kuna H5P, programu ya kutengenezea masomo ya kugusa na kujibu; ilitoka Norway, msimbo wake uko wazi, na yafanya kazi ndani ya Moodle, mfumo wa kuwekea masomo mtandaoni, ambao nao ni wa bure. Ina aina zaidi ya 40 za maudhui: video inayosimama katikati ikauliza swali, picha yenye vituo vya kugusa, kisa chenye njia panda, kupanga matukio kwa mfuatano, kadi za kumbukumbu, kurekodi sauti. Ina mpaka ramani ya mchezo, ambapo kila kituo waweza kukiwekea zoezi la aina tofauti na vituo vya mbele vinabaki vimefungwa mpaka uvuke vya nyuma. Mwalimu ahitaji kompyuta, picha za simu yake na jioni chache za subira. Sisi tumelipia fataki.

Tena hizo zawadi zenyewe zina madhara. Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walichapisha jaribio lao na watoto wa chekechea pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, watoto waliokuwa wakipenda kuchora. Walioahidiwa cheti cha kupambwa kwa kuchora, siku za baadaye walipoachiwa wenyewe walichora karibu nusu tu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Nusu! Mambo ya zaidi ya miaka 50 haya, nasi twauziwa sarafu kama uvumbuzi mpya.

Na ile orodha ya vinara ya kila Ijumaa, hebu iondoeni. Wanaoongoza ni wenye Wi-Fi nyumbani. Yule ambaye mamake arudi usiku kutoka sokoni Kongowea na simu yenye chaji kidogo na bando la kuhesabu, huyo yuko mkiani kila wiki, na jina lake lasomwa mbele ya darasa.

NYONGEZA: Ndugu uliyesema "mtoto akifurahi yatosha, mwacheni mwalimu", mwalimu simlaumu hata chembe. Walimu hawakuulizwa, nimeongea na mmoja wao. Aliyeichagua ni ofisi, na aliyeiuza hajawahi kusimama mbele ya darasa letu.

Mkutano wa wazazi wakaribia. Nataka tuingie na madai mawili: ada hiyo isimamishwe mpaka wazazi na walimu wafunguliwe programu yote waijaribu wenyewe, na walimu wawili au watatu wapewe nafasi na vifaa watengeneze somo moja la Fort Jesus kwa njia niliyoeleza, tulinganishe. Mlio na watoto pale, andikeni hapa kama mwaja. Na mwalimu yeyote wa Kisauni, Likoni au Changamwe aliyewahi kutengeneza somo la namna hii, tuonyeshe kazi yako tuibebe mkutanoni.