Mrejesho: Rangi ya nyumba, nipake mwenyewe au niite fundi?

Wakuu habari zenu, niliuliza hapa kama nipake rangi mwenyewe nyumba yangu ya Kigamboni, vyumba vitatu na sebule, au niite fundi. Nimegawa kazi, ndani nimepaka mwenyewe na mke wangu, nje tumempa fundi.

Ndani kunawezekana kabisa jamani, kazi kubwa sio rangi ni maandalizi, yaani kupiga msasa, kuziba nyufa kwa puti, kufuta vumbi na kitambaa kibichi, usubiri ukuta ukauke ndo upige andakoti, ile rangi ya chini ya kutangulia, halafu rangi yenyewe mikono miwili, yaani unapaka mara mbili. Kona na pembeni ya switchi tumia brashi ndogo kwanza ndo rola ifuate, na rangi ya maji ukiizidishia maji ili itoshe ukuta unabaki na mabaka, usijaribu.

Nje sasa, hapo fundi amenisaidia sana. Huku karibu na bahari ukuta wa chini ulikuwa unatoa ule unga mweupe wa chumvi na rangi ya zamani inabanduka kama magamba, fundi akakwangua kwa brashi ya waya mpaka plasta, akagundua maji ya mvua yanatuama pale kwenye msingi, akasema tutoe maji kwanza ndo tuongelee rangi. Mimi ningepaka juu kwa juu tu.

Bei tulielewana ya ufundi peke yake, vifaa nikanunua mwenyewe, na hela ya mwisho nimempa baada ya kukagua. Waliosema nje nimwachie fundi, asanteni sana, mmenisaidia mno.