Kuanza swingi: mabega, goti au kidevu? Jumamosi nina mashindano

Mgeni wa Tii
Wakuu, salaam. Jumamosi nina mashindano ya gofu ya klabu na bado sijaamua nianzeje kurudisha fimbo. Nikishasimama juu ya mpira naganda. Viganja vinakauka, nahesabu mpaka kumi, halafu naichomoa fimbo kama panga alani. Mwalimu wangu anasema mabega yaanze, mikono ifuate. Rafiki yangu anasema nisukume goti la nyuma kidogo kuelekea shimo kama bingwa wa zamani Gary Player, hiyo iwe ndiyo kengele. Jana nikasoma kwamba bingwa mwingine, Jack Nicklaus, alikuwa anageuza kidevu kwanza. Nishike lipi? Zimebaki siku nne.

Kedi Mstaafu
Mkuu, umeuliza nusu swali. Hendikapu yako, yaani mapigo ya ziada unayopewa, ngapi? Unaganda na draiva tu, ile fimbo ya kupiga mbali, au hata na ayoni, zile za chuma? Mpira ukiondoka unaelekea wapi? Bila hayo tutakupa dawa ya malaria kumbe unaumwa jino.

Ngurumo72
Mabega. Tusipoteze muda. Nenda renji, kule kwa mazoezi, weka mpira wa pili nyuma ya kichwa cha fimbo, karibu vigusane. Anza swingi kwa kuusukuma huo wa nyuma. Ukibingirika kurudi nyuma moja kwa moja, mabega yamefanya kazi. Ukikimbilia upande wa miguu yako, umeanza na viganja. Mimi wiki mbili tu na slaisi, ule mpira unaotupindia kulia sisi wa mkono wa kulia, ikapungua.

Bi Mchanga
Ngurumo, kila uzi wewe ni mabega, hata mtu akiuliza viatu! Mwenzetu anaganda. Ukimpa agizo jipya la mwili unamuongezea mzigo. Kwa Nicklaus mimi nachukua jambo jingine: hakuwa anakalisha fimbo chini. Kichwa kinaelea kidogo juu ya majani, mikono inabaki hai, na fimbo haikwami kwenye nyasi. Jaribu hilo kabla ya kidevu.

Mgeni wa Tii
Samahani, nilikuwa kazini. Hendikapu 24. Draiva na ayoni ndefu ndizo zinanigandisha, pigo fupi za kuzunguka grini, pale penye shimo, sina shida nazo. Mpira unaanza vizuri halafu unapinda kushoto, mara nyingi unaishia kwenye miti.

Ngurumo72
Kushoto! Basi viganja vinajifunga. Legeza mshiko, geuza mkono wa juu kidogo, utaona.

Kedi Mstaafu
Au fimbo inaingia ndani mno mapema, inazunguka kiuno. Nimebeba mabegi ya wachezaji miaka kumi na tisa, watu wa namna hiyo nawajua kwa kuangalia sentimita thelathini za kwanza tu. Walimu wanalipwa, lakini sisi ndio tunaoona.

Ngurumo72
Mzee, mwalimu anakaa na mtu saa nzima. Kedi anawaza shimo linalofuata na chai.

Kedi Mstaafu
Mwalimu anakuona kwenye kapeti la renji. Kapeti linaficha dhambi, ukipiga nyuma ya mpira fimbo inateleza tu, unajiona fundi. Mimi nakuona kwenye majani, umeshapoteza mipira mitatu na hasira zimepanda. Nani anakujua?

Draiva ya Mkopo
Ngojeni niwape kisa. Mwaka jana niliingia mashindano na maagizo sita kichwani: kidevu, bega, goti, kiwiko kibane, kichwa kitulie, pumua. Tii ya kwanza, pale pa kuanzia, watu kama ishirini, wengine na vikombe vyao vya chai. Nikatikisa fimbo mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Nyuma mtu akakohoa. Nikafika kwenye kiwiko, sikumbuki kama kidevu nilishakigeuza, nikaanza upya. Mwisho mwili ukachoka kusubiri, ukaamua wenyewe. Mpira ukagonga lile gogo la rangi linaloonyesha mpaka wa tii, ukarudi, ukapita katikati ya mabegi, ukatulia chini ya meza ya usajili. Mama anayeandika majina akainua miguu kwa adabu, akaniuliza, "Baba, unauchezea hapahapa?" Pale ni nje ya mpaka, kwa hiyo nikahesabiwa pigo la adhabu, nikarudi pale pale kupiga la tatu. La tatu sikuwaza kitu, likaenda katikati ya feawei, ile njia ya majani mafupi.

Bi Mchanga
Hahaha, nimecheka peke yangu kwenye daladala. Lakini usijidanganye kwamba ni kutowaza. Ulishaaibika, hukuwa na cha kupoteza.

Mzee wa Ubungo
Kuganda hata wakubwa wameganda. Mchezaji Sergio Garcia mwaka 2002 kule Bethpage, Marekani, kwenye US Open, alikuwa anashika na kushika upya mpini mpaka watazamaji wakawa wanamhesabia kwa sauti. Mgeni, dawa yangu ni neno moja: Morogoro. "Morooo" unakwenda nyuma, "goro" unashuka. Kwenda kuwe kurefu kuliko kushuka. Huwezi kusema Morogoro na kuwaza kiwiko kwa wakati mmoja.

Ngurumo72
Na mabega yanaanza kwenye "Mo". Tuko pamoja.

Mgeni wa Tii
Nimejaribu uani na fimbo ya fagio, Morogoro imekubali. Swali dogo: yule Nicklaus anageuza kidevu kulia. Mimi nikigeuza kulia najiziba. Sisi wa mkono wa kushoto tunageuza kushoto, au?

Kedi Mstaafu
WEWE NI WA KUSHOTO?

Ngurumo72
Mkuu! Kwa hiyo huko kushoto ndiyo slaisi. Futa yote niliyosema kuhusu mshiko. Mabega yabaki.

Bi Mchanga
Siku mbili tunatibu kioo. Ndiyo, wewe geuza kushoto.

Draiva ya Mkopo
Hata bingwa Phil Mickelson anachezea kushoto na anaandika kwa mkono wa kulia. Wewe unaandika kwa upi?

Mgeni wa Tii
Kulia. Nilianza hivi kwa sababu seti ya kwanza niliyoipata ya mtumba ilikuwa ya kushoto, bei nzuri. Tatizo haina ayoni 6.

Mzee wa Ubungo
Ayoni 6 ya kushoto ninayo, niliuziwa bila kuangalia. Inashikilia mlango wa stoo. Uko upande gani wa Dar?